Mkanda Nilioutwaa Msibani

Mtani wangu Shomari,

Huko uliko usicheke kwanza. Ngoja nimalize.

Siku ya maziko yako, mie Mnyamwezi wenu nilifanya kazi yangu ya utani. Nilifungua boneti ya lile gari lako kuukuu, nikachomoa mkanda wa feni, nikajivika shingoni na kutangaza kwamba gari la Mzaramo haliondoki mpaka wafiwa wanikomboe. Nilijiandaa kuwachekesha. Badala yake nikaangua kilio mie mwenyewe, mbele ya umati. Mtani analia! Hakuna aliyecheka. Mkeo alinitazama tu. Nikaenda na mkanda wangu nyumbani, na hakuna aliyekuja kuukomboa.

Gari likabaki uani kwenu Mtoni, kiyoyozi kimefungwa nusu. Si ndicho kile ulichokitoa kwenye gari lililogongwa kule Kurasini, ukamwapia binti yako Zuhura kwamba siku ya harusi yake atafika Kinondoni bila tone la jasho? Balozi wa nyumba kumi akakutania, "Wenzio tunajenga ujamaa, wewe unajenga baridi?" Ukamjibu kwamba baridi nayo utaigawa kwa wote.

Basi Zuhura kaposwa. Harusi ikapangwa Januari, jua la kuchoma utosi. Akaja gereji. "Shikamoo, baba mdogo," akasema, huku akilitazama koleo mezani. Nikajua kilichomleta. Nikishindwa mie, ahadi yako ya mwisho kwa mwanao imekufa nawe.

Ubishi wetu unaujua. Wewe: mkanda mmoja unatosha kuzungusha feni, dainamo na kompresa ya kiyoyozi. Mie: hautoshi. Kwa heshima yako nikajaribu kwanza kwa njia yako. Mkanda mmoja mrefu ukapiga mayowe mpaka majirani wakatoka nje, taa ya chaji ikawaka, maji yakachemka. Kichwa ngumu we! Nikachongesha puli ya pili, gurudumu la kupitishia mkanda, nikaifunga mbele ya ile ya zamani, nikavuta uzi kutoka puli hadi puli ili zikae mstari mmoja. Kompresa ikapata mkanda wake. Ule wako nikaurudisha kwenye feni na dainamo bila kukombolewa, na wazee wangu Tabora wakisikia watanikana. Nikaubonyeza kwa kidole gumba ulivyokuwa ukifanya, ukiuambia, "Kaza, usininyong'onyee." Hapo nilikaa chini kidogo, Shomari. Nilikukumbuka sana.

Fundi wa mafriji ya samaki kule Kunduchi akakitilia kiyoyozi gesi ya baridi.

Jumamosi niliendesha mwenyewe. Zuhura nyuma na mama yake, vioo vyote juu. Barabara ya Kilwa yote nilitazama geji ya joto la maji kuliko nilivyotazama njia. Sindano haikupanda. Mara mkeo akaanza kujikunyata, akavuta kanga mpaka puani. "Jamani, huyu Shomari alitaka tumfuate? Zima hilo dude!" Zuhura akapasuka kicheko, mama yake naye, wakacheka mpaka wanja ukawachuruzika. Sikuwa nimewasikia wakicheka tangu tukuzike. Nikasema moyoni, haya, wamenikomboa.

Mikanda hiyo nitaikagua kila Ijumaa, nakuahidi. Na siku Zuhura akijifungua, gari hilo ndilo litakalomleta mjukuu wako nyumbani.

Lala, Mzaramo wangu. Mikanda ni miwili. Nimeshinda, na sina wa kumringia.