Mkono wa Mwali Nje ya Mkeka

Alhamisi. Mawingu tangu alfajiri, mvua inatutishia tu

Leo nina furaha, na magoti yananiuma. Vyote viwili nimevichuma nyumbani kwa Mama Mwajuma, nilikoshinda nimekaa sakafuni.

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima anasema tuandike kila siku, herufi zisitutoroke uzeeni. Haya, naandika: Mwajuma amemeza kidonge chake cha kwanza.

Binti huyu ni mwali wangu. Mimi ndiye kungwi wake, namtunza ndani tangu alipovunja ungo, na mpaka siku ya kumtoa hakuna mwanamume anayeruhusiwa kumwona. Kazi kwelikweli hapa Zombo, tangu tuhamishiwe kwenye hizi nyumba za mistari. Jirani akikohoa kwake, wewe kwako unampa pole.

Wiki iliyopita mganga wa zahanati, kijana wa Mamboya mwenye shikamoo ya adabu, alituita makungwi na wakunga wote. Akatufundisha kwamba ukoma huanza na baka lisilouma, limepauka kidogo, na ukiligusa kwa pamba mwenye mwili hasikii. Likikamatwa mapema, vidonge vinalimaliza. Likiachwa, ndipo vidole vinapoharibika.

"Bibi zangu," akasema, "ninyi mnaona ngozi ambazo mimi sitaonyeshwa mpaka kiama."

Wenzangu walicheka. Mimi nilinyofoa pamba nikaifunga kwenye pindo la kanga.

Jana, nikimsinga Mwajuma kwa mafuta, nikaliona baka. Nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Nikamwambia afumbe macho, kila nikimgusa aseme. Pembeni mwa baka alisema upesi. Katikati nikagusa, nikagusa tena.

"Bibi, umelala?" akaniuliza.

Wala sikulala. Katikati ya baka hakuwa amesikia kitu.

Mama yake nilimwambia palepale, mimi sijui kuzungusha maneno. Akasema ni choa. Kisha akasema ni joto la ndani. Kisha akalia. Mganga alishatuambia hatoi dawa ya ukoma kwa kusimuliwa, lazima alione baka mwenyewe. Na mwanamume akimwona mwali, mwiko umevunjika, watu watasema binti ana mkosi. Akanisihi tusubiri atoke, ni baada ya mavuno tu.

Mavuno! Mahindi hayajafika hata magotini.

Nikamwambia: mwiko unakataza mwanamume kumwona mwali. Mwali ni huyu mzima, na uso wake na kifua chake. Mkono mmoja nani kauita mwali?

Sikungoja jibu. Nikaenda kumwita mganga.

Basi leo tukatundika mikeka miwili mlangoni mwa chumba, tukaipishanisha. Mganga akakalishwa kwenye kigoda upande wa nje. Mkono ukatokea kwenye upenyo, unang'aa mafuta, vidole vimefumbwa. Kijana akautazama, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Hujambo, mkono?"

Nyuma ya mkeka mtu akaangua kicheko, na vidole vikafunguka.

Akaanza kugusa kwa pamba. "Hapo," akasema Mwajuma. "Hapo." Halafu kimya. Mganga akapapasa mshipa wa kiwiko, akamwambia akunje vidole, avinyooshe. Vina nguvu. Ndio ukoma wenyewe, akasema, ila tumeuwahi. Vidonge alikuja navyo, vimetoka Kilosa. Ni vya kumeza muda mrefu, bila kuruka siku, na wote wanaoishi nyumba hii wakaguliwe ngozi.

Mama Mwajuma aliuliza swali moja tu, kwa sauti ndogo. Bakuli lake tulitenge?

Kumbe ameshalitenga. Niliona liko peke yake juu ya kinu. Mganga akamjibu hapana, mama, ukoma haupiti kwenye bakuli. Akaaga, akapanda baiskeli yake.

Lakini niliuona uso wa yule mama. Maneno yalikuwa yameishia masikioni.

Nikalichukua lile bakuli, nikapakua mlenda niliopika mwenyewe, nikachukua na ugali, nikaingia kwa mwali. Mikeka niliiacha wazi makusudi, mama yake aone. Tukala mimi na yeye, vidole vyetu vinagongana. Mama yake akasimama mlangoni. Mwajuma aliacha kutafuna, akainama, na mimi moyoni nikasema: mwanamke wee, ukigeuka sasa umemmaliza mwanao.

Mama akanawa mikono. Akaketi, akamega ugali, akachovya.

"Bibi, chumvi hii umetia gunia zima?"

Sijawahi kutukanwa upishi nikafurahi namna hii.

Kesho ni zamu ya kuwakagua wadogo zake. Yule wa mwisho ukimgusa tu kisigino anaviringika chini kwa kicheko. Sasa huyo nitamshikaje?