Gauni Nililolikata kwa Kipimo cha Zamani

Mama Zubeda, mke wangu Halima,

Amahoro. Naomba barua hii iwakute mmeamka salama hapo Rumonge, wewe, mtoto na mama. Mimi hapa Lusaka mwili hauna neno, ila moyo hauna raha. Leo siku ya tisa hupokei simu yangu, na sikulaumu. Nimempa barua hii mfanyabiashara wa Minago anayerudi kwa meli kutoka Mpulungu.

Dada yako Mwajuma ndiye aliyenipigia. Nilikuwa kwenye cherehani, nikaanza kumtania kama kawaida, nikamuuliza kama ameiona ile foto yako kwenye harusi ya mdogo wangu, gauni nililokushonea lilivyokukaa. Hakucheka.

"Shemeji, acha kuringa," alisema. "Ile siku ya foto mutoto alikuwa analia kwangu mu chumba, ziwa ya mama yake iko tupu. Bibi yako mwezi muzima anakunywa chai ya rangi na kipande ya muhogo, tumbo anafunga na kitenge, ili aingie mu robe yako."

Sikushona tena siku hiyo.

Halima, niseme ukweli wote. Nilijua umejifungua miezi minne tu iliyopita. Nilijua majirani walikuletea uji na kuku, ukala, na sote tulifurahi. Lakini nilipokuona kwenye simu umenenepa nilicheka, nikasema, "Huyu ni nani tena?" Na wewe ukacheka, nikadhani yamekwisha. Kisha nikafungua daftari langu, nikatafuta vipimo nilivyokuchukua kabla ya ndoa yetu, nikakata gauni kwa hivyo hivyo. Nilitaka yule wa zamani arudi. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na kuna jambo ambalo wewe huwezi kulijua, fundi tu ndiye anayelijua. Kila mteja, hata wa kupita njia, namwachia kitambaa cha vidole viwili ndani ya mshono, ili akinenepa nguo ifumuliwe na kupanuliwa. Wewe sikukuachia hata cha kushika sindano. Gauni lilipokataa kufunga zipu, ukanishukuru kwenye simu, "Iko sawa kabisa, murakoze." Ulinificha ili nisiaibike. Na foto ilipofika niliizungusha kwa mafundi wote hapa, nikijisifu kwamba mkono wangu haukosei. Kumbe nilikuwa nawaonyesha njaa yako.

Mwajuma amenieleza pia mlivyokwenda kituo cha afya, uzito wa mtoto ukaonekana umeshuka, na yule mama wa lishe akakuketisha bila kukugombeza. Mama huyo alisema anayenyonyesha hapunguzi mwili kwa kukaa njaa. Ule maharage, ndagala, mboga ya lengalenga na matunda, unywe maji na uji. Mandazi na soda upunguze, mawese yawe kidogo kwenye mboga, utembee kila siku, na mwili utashuka wenyewe polepole. Nakuomba umsikilize yeye, usinisikilize mimi. Na usiposhuka, huo ndio mwili uliomzaa Zubeda, mimi sina la kusema juu yake tena.

Msalimie mama mkwe, mwambie najua amenikasirikia na ana haki. Msalimie Mwajuma, aliyenisema bila kunionea haya. Na mdogo wangu, bi harusi, usimwambie jambo hili. Mwache akumbuke siku yake vizuri.

Ule ukurasa wa daftari nimeuchana. Lile gauni mpelekee fundi yeyote wa sokoni alikate, linatosha nguo mbili za mtoto. Kipimo chako kipya usinitumie. Nitumie kilo za Zubeda kila mkitoka kwenye mizani, hata kama hutaki kuniandikia neno jingine.

Ni mimi mumeo, mwenye kosa,
Ramadhani