Kivuli cha Shavu la Severin

Sharpstown, 4 Machi 2007

Mdogo wangu Émile,

Habari za DeSoto? Sisi wazima, isipokuwa mafua ya Tania. Picha ya marehemu mume wangu uliyonichorea imefika. Usikasirike, nimeigeuza uso ukutani. Shavu umelitia kivuli cheusi tii, Severin amekuwa maiti! Tania alilia. Mtoto alizaliwa baba amekwisha kufa, na picha zetu zote zilibaki kwetu Uvira tulipokimbia. Atamjuaje papa wake? Nilitegemea mkono wako, wewe uliyechora vibao vya maduka mji mzima.

Yaya wako,
Josiane

DeSoto, 29 Aprili 2007

Yaya, dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Tania amepona? Mimi kazi ya ghala inanimaliza mgongo tu. Maneno yako yaliniuma, lakini ni kweli.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda makumbusho ya Fort Worth, kutazama picha za wale Wafaransa wa zamani waliobeba turubai za kuchorea hadi mtoni, wakikimbizana na mwanga kabla haujabadilika. Yaya, vivuli vyao si vyeusi! Ni bluu, zambarau, hata kijani. Ukikaribia unaona madoa matupu. Ukirudi nyuma, jicho linayachanganya, maji yanameta. Mmoja alichora mahali palepale asubuhi na jioni, zikawa picha mbili mbalimbali.

Kumbe mimi nilimchora shemeji bila saa wala jua. Niambie, unamkumbuka katika mwanga gani?

Mdogo wako,
Émile

Sharpstown, 16 Septemba 2007

Émile,

Salamu nyingi. Nisamehe kwa kunyamaza miezi yote hii. Kila nikifumba macho namwona asubuhi ile wenye bunduki walipomchukua, kwenye ukungu, uso wa kijivu. Hiyo usiichore, nakuomba.

Jana kazini, kwenye nyumba ya wazee, nilikuwa namvalisha bibi mmoja, jua la jioni likampiga shavuni. Nikamkumbuka Severin mlangoni, ametoka kuchoma matofali. Upande wa jua ulikuwa shaba, wa pili rangi ya bilinganya, na jicho moja amelikunja. Mchore hapo.

Yaya

Sharpstown, 2 Desemba 2007

Mdogo wangu,

Mgongo unaendeleaje? Picha ilifika Alhamisi. Mwanzoni niliguna: eh, zambarau shingoni, kijani chini ya jicho, Émile amerukwa na akili? Nikarudi nyuma mpaka nikagota kwenye friji. Hapo akaja. Yeye mwenyewe! Nililia mpaka jirani akabisha hodi. Aksanti sana, Mungu akubariki mikono.

Tania hakuogopa. Alisimama kando yangu, akamtazama weee, kisha akauliza, “Papa anacheka na nani?”

Nikamwambia, “Na mimi.”

Yaya wako,
Josiane