Padri kanifanya somo

Shoga, nimejifungia stoo ya mafagio.

Unakumbuka nilimweleza Padri habari za mwanangu, yule anayelelewa na mama kama mdogo wangu. Nilitaka ushauri tu, nimwambie mchumba wangu kabla ya ndoa au ninyamaze.

Leo napanga vikombe vya chai nyuma ya darasa lake la maadili, namsikia: "Kuna binti mmoja, tumwite Fulani. Ana mtoto, mchumba wake hajui. Anatenda dhambi?"

Ni mimi, shoga. Alichobadilisha ni jina tu. Jina tu!

Wanafunzi wakabishana kama wako sokoni. Mmoja akasema, "Huyo tapeli." Wakacheka.

Kisha akasimama mdogo wake mchumba wangu. "Padri, ningekuwa ndugu wa huyo bwana, ningemwambia leo leo."

Padri akamsifu. Akamsifu!

Walipotoka, huyo mdogo wake akaja kuchukua chai. "Shemeji, mbona unamwaga? Ile kesi wewe unaionaje?"

Nikamjibu mimi sikusoma, mambo hayo siyajui.

Jioni namwambia kaka yake mwenyewe, kabla Padri hajalirudia somo kwa darasa lingine.