Sala Isiyofungwa Ntalikwa

Dada Sesilia, shikamoo.

Niko Ntalikwa kwa shangazi, jua linawaka, mdomo umejaa michembe ya viazi vitamu. Leo asubuhi amenileta jumuiya, nyumbani kwa Mama Kulwa. Tulisoma pale Yesu anaposema uache sadaka yako, ukapatane kwanza na ndugu yako. Huku, mkishasoma mnachagua tendo, na sala haifungwi mpaka tendo lifanyike.

Mama Kulwa akasimama. “Nisubirini, namfuata Mama Shija.” Walikuwa hawasalimiani tangu mbuzi wa jirani huyo walipokula karanga zake. Tukasubiri tukiimba, nyimbo zikatuishia, tukaingia za Krismasi. Wakarudi wawili, bado wanabishana juu ya mbuzi, ila wameshikana mikono.

Tulipomaliza kucheka, kiongozi akanigeukia. “Na wewe mgeni?”

Nikakutaja wewe, dada, na vile vitenge vya marehemu mama nilivyobeba bila kukuuliza. Basi wamegoma kufunga sala. Naandika wote wakinitazama, shangazi kashika stempu. Nisamehe. Nikirudi utachagua wewe kwanza. Wabusu watoto.

Baba Kulwa yuko juu ya baiskeli, anasubiri kadi hii aipeleke posta, nasi tuseme amina.

Mdogo wako,
Vero