Lile Bovu la Aikande

Jumatatu, 15 Julai 2024

Baridi la huku halina adabu. Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu mpaka mlangoni, na Benzi limegoma. Nimewasha hita, nimehesabu mpaka ishirini — kimya. Mpaka arobaini. Likakohoa mara mbili, likanyamaza. Dumu saba za maziwa kwenye buti, wateja mjini wanasubiri, na wale mama wanne wanaoniletea maziwa wamesimama getini na kanga vichwani kama wako msibani. Mmoja akasema, si ununue Noa kama wenzako? Nikamwambia aninunulie yeye.

Wamenisukuma. Nashukuru kwamba nimepanga kwenye mteremko. Huku juu ya Kwa Sadala kila nyumba iko kwenye mteremko, ndiyo faida yake pekee. Limeshika karibu na kanisa, likatoa moshi, mchungaji akafunga dirisha.

Umri wa gari miaka thelathini na minne. Wangu hamsini na mmoja. Asubuhi kama ya leo tunafanana.

Alhamisi, 18 Julai

Kutwa nzima Kiboriloni, kwenye gereji ya Basili. Hita plagi mbili kati ya nne zimekufa. Zile nne ndizo zinazopasha injini moto asubuhi, na mimi nimekuwa nikiwasha kwa mbili tu na kwa maombi.

Basili anaimba wimbo uleule. Mama maziwa, tuitoe hii injini, tuweke ya Toyota, spea utazikuta hata kwenye duka la mchele. Nikamwambia nikiweka ya Toyota hilo si gari la baba tena. Akasema, kwani baba yako alikuwa nozeli ya injini?

Nimecheka, lakini hajui. Baba alilinunua kwa daktari wa misheni aliyekuwa anarudi kwao Ujerumani. Kila Jumapili baada ya ibada alifungua boneti, akaniita mimi nimshikie tochi. Hakumwita Ndelilio. Kaka yangu alikuwa anaogopa grisi kwenye shati. Mimi nikajua majina ya spana kuliko majina ya mitume.

Baba alipofariki ukoo ulikaa siku moja tu. Shamba la ukoo tunaloliita kihamba, nyumba, kahawa, ng'ombe — vyote kwa Ndelilio. Sikushangaa. Mtoto wa kike hapewi kihamba, na aliyerudi kutoka kwa mume ndiyo kabisa. Halafu mtu akakumbuka gari. Lilikuwa nyuma ya zizi, miaka tisa halijawaka, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Ndelilio akasema: lile bovu apewe Aikande, akafugie kuku. Wazee wakacheka mpaka mbege ikawapalia. Nikasema aika, asante ya kwetu, nikaenda kutafuta mtu wa kulivuta.

Miaka mitatu sasa. Mayai niliyotoa mle ndani yalikuwa kumi na moja.

Jumamosi, 24 Agosti

Limependeza! Mipira mipya ya milango, upepo hauimbi tena masikioni. Viti vimeshonwa. Mlango wa kushoto umepigwa rangi, huwezi kujua ulikuwa umeliwa na kutu. Bushi za mbele mpya. Nimepanda nalo mpaka kihambani kumjulia hali mke wa kaka, na ile barabara ya mawe nimeisikia kwa mbali tu.

Ndelilio akalizunguka mara tatu. Akapiga boneti na kiganja kama anayechagua ng'ombe mnadani. Akasema, gari la baba limerudi kuwa gari.

Gari la baba! Miaka mitatu lilikuwa "lile bovu la Aikande". Limetoka kwenye jina langu siku niliyolipiga polishi.

Jumapili, 25 Agosti

Baada ya ibada Ndelilio kanifuata. Sendofu ya Goodness, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ni Desemba, tarehe kumi na nne. Anataka binti yake aende ukumbini na Benzi. Nimekubali kabla hajamaliza. Nikasema nitaendesha mwenyewe. Goodness ni mtoto wa kaka lakini mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Nimefurahi siku nzima.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimekwenda kukata bima mjini. Kijana akaandika namba ya gari kwenye simu yake, akanitazama. Mama, wewe ndiye Ndelilio?

Nikasema Ndelilio ni kaka yangu. Akageuza simu nisome. Jina lake kamili, mpaka la babu. Mmiliki. Tangu Septemba tarehe mbili.

Tarehe mbili Septemba! Wiki moja baada ya kuniomba gari kanisani. Kadi ya gari ilikuwa kwenye sanduku la baba na karatasi nyingine, na yeye ndiye msimamizi wa mirathi. Nimemwomba hiyo kadi mara ngapi? "Nitakuletea, dada." Kumbe alikuwa anangoja gari liive.

Maziwa ya leo yameganda. Sikumbuki nilivyorudi nyumbani.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimemkuta getini kwake. Sikushuka, sikuzima. Nikamuuliza kupitia dirishani. Hakukana! Akasema ni utaratibu tu. Akasema gari la ukoo haliwezi kukaa kwa mtoto wa kike, je, nikiolewa tena? Nikamuuliza nani anaoa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja anayenuka maziwa na dizeli. Akasema usinipigie kelele kwangu. Akaingiza mkono dirishani, akageuza ufunguo, akauchomoa.

Injini ikaendelea kunguruma.

Ni ule mpira mwembamba wa upepo, umechoka, Basili hajapata mwingine. Ukichomoa ufunguo injini haijui. Kaka akatazama ufunguo mkononi. Akatazama gari. Mkewe alitoka jikoni kuangalia. Nikashuka taratibu, nikafungua boneti, nikabonyeza kile kidude cha kuzimia kwa mkono. Kimya. Nikamwambia: hata kulizima hujui.

Nikanyoosha mkono, akanirudishia ufunguo. Labda aibu. Nililia njiani, lakini si mbele yake.

Jumapili, 20 Oktoba

Kikao cha ukoo. Mzee Elifuraha, mdogo wake baba, ndiye aliyekalia kiti. Nimewaamkia wote shikamoo, nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Wanaume tisa na mimi.

Kwa ufupi: Aikande alipewa atumie, hakupewa amiliki. Kwa kuwa ana wateja wa maziwa, aendelee nalo mpaka sendofu. Baada ya sendofu gari lirudi kihambani. Mzee Elifuraha akamalizia kwa kunishukuru: binti yetu amelitunza vizuri gari la ukoo.

Niliuliza swali moja. Lilipokuwa na kuku ndani, lilikuwa la ukoo? Mmoja akaomba sala ya kufunga.

Jumatatu, 18 Novemba

Leo nimebadilisha oili ya gari la kaka yangu. Na filta. Basili akaniuliza kwa nini najisumbua. Nikasema injini haijui habari za kadi.

Basili kanisogelea. Anaweza kulegeza kitu kidogo tu, hakuna atakayejua, halitapanda kilima cha kaka yako mwaka mzima. Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu kikao. Kisha nikakataa. Gari halijanikosea.

Lakini Ndelilio nimemtumia ujumbe: siji kwenye sendofu, na gari sileti. Mtafute shangazi mwingine. Hawezi kumpata. Baba alizaa wawili tu.

Najua ninachokifanya. Huku kwetu binti hatoki nyumbani shangazi yake akiwa na kinyongo. Wanasema tumbo la binti linafunga, asizae. Mimi ni Mlutheri, naimba kwaya, siamini. Ndelilio ni mzee wa kanisa, haamini pia. Kapiga simu mara sita leo.

Jumatano, 11 Desemba

Wamekuja. Ndelilio, Mzee Elifuraha na mwingine wa kushuhudia. Nilikuwa naosha dumu. Nikaona mkono wa kaka uko mgongoni, nikajua.

Isale. Jani refu, bichi, la kuombea msamaha, limefungwa fundo. Akalitoa kwa mikono miwili, akainama. Ameinama kwangu! Maisha yangu yote sijaona kisogo cha kaka yangu. Amekuwa na upara.

Anayeletewa isale hakatai. Ukikataa, balaa ni lako na la watoto wa nyumba ile. Ukipokea, umesamehe, na lile jambo halitajwi tena mpaka kaburini. Hapo ndipo penye mtego. Nikauliza: na kadi? Mzee Elifuraha akasema, isale haina masharti, mwanangu.

Kwa hiyo anasamehewa na gari anabaki nalo! Nikilipokea jani, kesho sina hata ruhusa ya kusema liliibwa. Sijawahi kuona mwizi anayepiga magoti ili umfungie mzigo.

Sikusema sikubali. Niliingia jikoni nikafunga mlango. Nilipotoka walikuwa wameondoka. Jani wameliacha kwenye kioo cha mbele, wamelibana chini ya waipa. Benzi hili lina waipa moja tu, katikati.

Alhamisi, 12 Desemba

Sijaligusa. Nikilitoa nikaliweka ndani, nimepokea. Nikilitupa, nimekataa. Maziwa yamekwenda kwa bodaboda, dumu mbili zimemwagika kabla ya lami. Wale mama wa asubuhi wameona jani, wakaweka maziwa chini wakaondoka bila kusalimia. Mmoja tu alinong'ona: pokea, mama, mtoto hana kosa.

Najua mtoto hana kosa. Hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa, 13 Desemba

Goodness amekuja mwenyewe, kwa miguu, nywele zimefungwa rola. Akaniamkia, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Habari ya kadi hakuijua mpaka juzi. Akasema: shangazi, gari silitaki. Nakutaka wewe.

Laiti angesema uongo ili nimchukie. Nikamuuliza, unaogopa? Akasema kidogo. Ana miaka ishirini na saba, ana shahada, na anaogopa jani. Hata mimi naliogopa, nilikuwa sijasema.

Nimemwambia nitakuja kumchukua. Kuhusu jani sikumwahidi.

Jumamosi, 14 Desemba

Saa nane mchana. Niko kihambani, ndani ya gari, uani kwa kaka. Daftari la wateja liko kwenye usukani, naandika ili mikono ifanye kitu.

Nimepanda kutoka kwangu polepole, jani mbele ya macho njia nzima. Watu wa barabarani wameliona. Bodaboda waliniachia njia yote.

Gari nimelifunga utepe mweupe. Nimeliosha, nimezunguka lile jani kwa kitambaa.

Ndelilio yuko getini na suti ya kijivu, na Mzee Elifuraha, na wageni karibu thelathini wanaosubiri msafara uondoke. Hawanitazami. Wanatazama kioo. Kila mtu hapa anajua kwamba mpaka muda huu sijapokea wala sijakataa.

Goodness ametoka. Mzuri, jamani! Gauni la bluu, mama yake ameshika pindo lisiguse matope. Ameingia nyuma. Mlango umejifunga vizuri, ile mipira haikuniangusha.

Nimewasha. Limewaka mara moja.

Mvua. Wingu limeshuka kutoka mlimani kama kawaida ya Desemba, bila kupiga hodi. Matone makubwa. Kioo kimeshalowa, sioni geti.

Sikuwa nimelifikiria hili. Hata wao. Bila waipa siwezi kushuka kilima kile na mtoto wa watu nyuma. Nikiiwasha, mkono wake utalinyanyua jani na kulirusha kwenye matope mbele ya ukoo mzima. Wazee watasema nimekataa kwa swichi.

Ndelilio ameelewa sasa hivi. Anakuja mbio bila mwavuli, suti inalowa, amenyoosha viganja. Anapiga kelele. Usiwashe! Shuka, Aikande, ulitoe kwa mkono! Kwa mkono wako, watu waone!

Amesimama mbele ya boneti. Angeweza kulitoa mwenyewe, liko nusu ya dhiraa kutoka kwenye vidole vyake. Hawezi. Aliyelileta halichukui.

Goodness amesogea mbele, kidevu chake kiko karibu na bega langu. Anamtazama baba yake kupitia kwenye maji. Nimemsikia vizuri, hakunong'ona.

Shangazi, washa.