Kompyuta ya Baba Zuhura

Jumatatu, 3 Juni

Asubuhi kama kawaida. Nimemwogesha Baba Zuhura, nimembadilisha, nimemkalisha mbele ya kompyuta na mto mgongoni. Ameandika: uji umeungua. Kweli, uliungua. Akaanza habari za dirisha, mashine ikazima. Mara ya tatu leo. Inawaka dakika tano, inanguruma, inapata joto, inakufa.

Tangu kiharusi kimpate hatamki neno. Mkono wa kulia haufanyi kazi. Herufi za simu ni ndogo, kidole kinateleza. Kalamu kwa mkono wa kushoto anachora minyoo tu. Kibodi ndiyo mdomo wake. Ikizima, nabaki na mume anayenitazama.

Nje malori ya bandarini yanapita kutwa. Ndani kimya. Kimya hiki kinaniua.

Jumanne, 4 Juni

Nimeifungua mwenyewe. Yeye alikuwa fundi kompyuta miaka ishirini, mimi ni fundi cherehani. Nimemwona akifungua mashine mara nyingi mno, nikajiona najua. Ujuaji wangu huo.

Vumbi la kujaza mto. Nikataka kutoa kipoza, lile pande la aluminiamu lenye feni linalokaa juu ya prosesa, ule ubongo wa mashine, kuipunguzia joto. Likagoma. Dawa ya kupitisha joto iliyopakwa kati yake imekauka, imekuwa gundi. Nikavuta kwa nguvu kama navuta zipu iliyokwama. Likatoka, na prosesa ikiwa imeng'ang'ania chini yake. Imeng'oka yote. Ina vimiguu vyembamba kuliko meno ya chanuo. Vingi vimelala, viwili vimekatika.

Baba Zuhura ameona kila kitu. Akafumba macho. Nimemziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda Temeke kwa Salum, aliyekuwa akifanya kazi na Baba Zuhura duka moja. Hajakanyaga kwetu tangu mwenzake aanguke.

"Shem, mie nitamtazamaje braza akiwa vile? Si nitalia tu."

Nikamwambia basi njoo ulie, nani kakukataza. Alitaka nimpelekee mashine dukani. Nimekataa. Vifaa vya kazi vya Baba Zuhura vilipochukuliwa kurudishwa dukani, alisusa kula siku mbili. Mashine haitoki ndani.

Kanipa prosesa nyingine na kipoza kipya ndani ya boksi. Akanielekeza. Chomoa waya ukutani. Gusa kwanza chuma cha kasha, maana nguo zetu hizi zina umeme. Inua kile kijiti cha pembeni. Pembetatu ya kwenye kona ya prosesa ikae na pembetatu ya kwenye tundu lake. Iachie izame yenyewe, usiikandamize. Dawa kiasi cha punje ya choroko. Skrubu kaza kidogo kidogo, kona hii, kisha kona inayoitazama.

"Na usije ukagusa uso wa chini wa kipoza, shem. Vidole vina mafuta."

Nimeandika yote nyuma ya karatasi ya vipimo vya gauni la mteja.

Jumamosi, 8 Juni

Nimevua dera, nimejifunga khanga. Nimegusa chuma. Prosesa imezama yenyewe, nikapumua. Chini ya kipoza kulikuwa na nailoni laini, haina hata mkwaruzo. Kwetu kitu kipya hakivuliwi nailoni. Rimoti, friji, viti vya sebuleni, vyote viko na zao mpaka zichakae zenyewe. Nikasema afadhali, vidole vyangu havitagusa chuma. Nikaweka dawa, nikakiweka juu, nikakaza, nikachomeka waya wa feni.

Muda wote huo Baba Zuhura anapigapiga kitanda na kuguna. Nikamuuliza choo? Hapana. Maji? Hapana. Akaendelea. Nikamfokea: "Hebu nyamaza basi, Baba Zuhura!"

Nimemwambia anyamaze. Yeye.

Imewaka. Nikapiga kigelegele peke yangu kama mwendawazimu. Haikufika dakika mbili, ikazima.

Jumapili, 9 Juni

Siku mbaya. Kutwa anabandua nailoni ya rimoti kwa ukucha. Nikamnyang'anya, nikaivisha mfuko mwingine. Akaupasua kwa meno. Nikamnyang'anya tena. Akalia kwa sauti, mtu ambaye sijamwona akilia tangu amzike mama yake.

Nimemwacha chumbani. Nikakaa kwenye cherehani bila kushona. Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 10 Juni

Saa nne asubuhi, katikati ya pindo la gauni la watu, nikasimamisha cherehani. Rimoti. Nailoni.

Nikaenda kufungua. Safari hii sikuvuta. Nilikizungusha kipoza taratibu, kushoto, kulia, kikaachia na prosesa ikabaki mahali pake. Nailoni ilikuwa imejikunja kwa joto. Dawa upande huu, chuma upande ule, havijawahi kukutana.

Alikuwa ananiambia tangu Jumamosi. Akatumia alichonacho, kucha na meno, nami nikamnyang'anya.

Nimemwonyesha nailoni. Akaitikia kwa kichwa, polepole. Nimemwomba radhi nimepiga magoti sakafuni. Kisha nikafuta kila kitu kwa pamba na spiriti, nikaweka dawa mpya, nikakaza kona kwa kona. Imewaka tangu adhuhuri hadi alasiri. Kipoza ukikigusa ni vuguvugu tu. Baba Zuhura hakuandika kitu. Alikuwa amechoka, akalala.

Jumanne, 11 Juni

Ameandika. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kitana, namchana nywele. Herufi moja, anapumzika, herufi nyingine.

Mama Zuhura nipeleke Newala kwa dada. Umechoka kuninyanyua. Nataka kufia kwetu.

Nimesoma mpaka mwisho. Nikamwambia nywele zimekuwa ndefu, kesho nimwite kinyozi. Akanisubiri nimalize. Kisha akaanza kuandika maneno yaleyale upya, kuanzia jina langu.

Nikaisubiri mashine izime. Haikuzima.